Kumwita dubu mweusi wakati wa vuli: kwa nini sauti haitakiwi kukatika

Mwindaji aliyezoea kuita koyote (mnyama wa jamii ya mbwa wa porini huko Amerika, anayefanana na mbweha) hudhani kumwita dubu ni kazi ile ile yenye mnyama mkubwa zaidi. Anajibanza kwenye kichaka, anapuliza filimbi inayolia kama sungura aliyenaswa kwa nusu dakika, ananyamaza dakika 3 asikilize, anarudia. Baada ya dakika 20 anainuka, anahamia bonde jingine. Kwa koyote utaratibu huo unafaa kabisa. Kwa dubu mweusi hushindwa karibu kila mara, na aliyeshindwa hurudi kambini akisema dubu hawaitiki. Mara nyingi dubu alikuwa ameshaanza safari. Alisikia, akainua kichwa, akatembea mita 200, sauti ikakatika, akakuta kichaka cha cheri pori mbele yake, akaketi kula.

Kuna mambo matatu yanayochanganywa katika mbinu hii: njaa ya dubu, tabia ya upepo milimani, na sheria ya mahali ulipo. Mtu akilielewa moja tu, hupoteza siku nzima. Jambo la tatu asipolielewa, anaweza kupoteza leseni.

Dubu mweusi (Ursus americanus) ni mnyama wa Amerika Kaskazini peke yake: Alaska, Kanada, milima ya Rocky, Appalachia, mpaka kaskazini mwa Meksiko. Kwetu hayupo. Dubu pekee wa Afrika alikuwa yule wa milima ya Atlas, naye alitoweka katika karne ya 19, na hata jina tumelichukua kwa Waarabu. Vuli tunayoizungumzia hapa nayo si ya mvua. Ni majira ya kupukutika majani, Septemba hadi Novemba, ingawa kwa kalenda yanapishana kidogo tu na vuli yetu.

Mfano wetu mkuu ni jimbo la Colorado, kwa sababu mbili. Mwaka 1992 wapiga kura wa huko walipiga marufuku kumwinda dubu kwa chambo na kwa mbwa, na sheria ikakataza kumuua dubu kati ya Machi 1 na Septemba 1. Kwa hiyo vuli ndiyo msimu wenyewe, na mwindaji amebakiwa na miguu, darubini na filimbi. Oregon ilifuata 1994 na Washington 1996 kwa kura zinazofanana, zote mbili zikikataza chambo na mbwa. Maine iliulizwa swali hilo hilo mwaka 2014 ikakataa, na huko chambo bado ndiyo njia kuu. Sababu ya pili ya kuchagua Colorado ni kwamba haina grizli, yule dubu wa kahawia aliye mkubwa na mkali zaidi. Wa mwisho kujulikana huko aliuawa 1979. Umuhimu wa hilo utaonekana mbele.

Anakuja kunyang'anya

Mwito ni sauti ya mnyama mdogo aliye taabani: mtoto wa kulungu, ndama wa elki (kulungu mkubwa wa huko), sungura. Mwishoni mwa Mei na mwezi wa Juni maana yake iko wazi. Ndama wa elki na watoto wa kulungu wamezaliwa juzi, hawajaweza kukimbia, na dubu weusi huwaua wengi katika wiki zao za kwanza. Dubu wa Juni akisikia mlio huo, anasikia chakula anachokijua.

Ila ifikapo Septemba, mtoto wa kulungu ana miezi mitatu au minne, na dubu hamwezi kwa mbio. Sasa kwa nini aje?

Anakuja kwa sababu hamtarajii awe mzima. Mlio wa taabu katika vuli una maana moja: kuna mnyama aliyekamatwa na mwenzake, au aliyejeruhiwa na hawezi kwenda. Dubu mweusi hana aibu ya kunyang'anya. Puma, paka mkubwa wa porini huko Amerika, akiangusha kulungu, dubu akafika, mara nyingi ni puma anayeondoka. Ukipuliza filimbi mwezi wa tisa, unamtangazia kwamba kuna karamu na mwenye karamu ni mdogo kuliko yeye. Watafiti wa Uganda na wa Kruger kule Afrika Kusini wanaijua kanuni hii vizuri. Huweka spika juu ya gari, wakacheza kilio cha ndama wa nyati, simba na fisi wakaja wakahesabiwa.

Njaa ndiyo inayompa dubu sababu ya kutembea. Tangu Agosti mwili wake unajiandaa kulala miezi kadhaa bila kula. Anaweza kula hadi saa 20 kwa siku, akiingiza kilokalori 15,000 mpaka 20,000. Kwa mtu mzima, hicho ni chakula cha wiki nzima. Dubu wa namna hiyo hapuuzi nyama. Lakini pia hapotezi nguvu, na hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Kila hatua anayopiga kuelekea kwako ni hesabu: je, kilicho kule kinazidi kilicho hapa mdomoni? Mwaka ambao kokwa za mwaloni zimezaa sana, dubu anaweza kukusikia vizuri, akaendelea kutafuna. Mwaka ambao baridi ya majira ya kuchipua majani iliua maua ya mwaloni na beri, dubu hutangatanga mbali, na mwito humvuta kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo swali la kwanza la mwitaji ni je, mwaka huu miti imezaa? Ununuzi wa filimbi utafuata baadaye.

Jambo hili lina tokeo ambalo wauzaji wa filimbi hawalitangazi. Mwito hauwezi kumtoa dubu bonde la pili. Unamgeuza dubu ambaye tayari yuko karibu, tuseme ndani ya mita mia chache kwenye msitu mnene, mbali zaidi kidogo kukiwa wazi na kumetulia. Kazi kubwa basi ni kumtafuta kabla ya kumwita. Kwenye miteremko ya Colorado, vichaka vya mwaloni mfupi na cheri pori ndiyo jiko lake la Septemba. Tafuta matawi yaliyovutwa chini na kuvunjwa, majani yake yakiwa bado mabichi. Tafuta mawe yaliyopinduliwa, upande uliokuwa chini ukiwa bado na unyevu. Tafuta magogo yaliyopasuliwa kutafuta sisimizi na mabuu. Zaidi ya yote, soma mavi. Yenye mbegu za cheri, yanayong'aa na laini, ni ya leo au jana. Yaliyokauka juu na kuingiwa na mende ni habari ya zamani. Ukiyakuta mafungu matatu manne ya umri tofauti sehemu moja, hapo pana dubu mwenye makazi, si mpita njia. Ukiweza kumwona kwa darubini kutoka ng'ambo ya bonde kabla ya kupuliza, umefanya nusu ya kazi.

Msimu ukisonga, wanaobaki nje hubadilika. Majike wenye mimba hutangulia kuingia pangoni, madume wakubwa huwa wa mwisho. Mwitaji wa mwisho wa Oktoba anaita dubu wachache zaidi, lakini wengi wao ni madume.

Upepo kwanza, filimbi baadaye

Pua ya dubu ndiyo hakimu. Masikio yake ni mazuri, macho yake si mabaya kama watu wanavyosema (anaona rangi, na mwendo anauona upesi), lakini uamuzi wa mwisho anaufanya kwa kunusa. Anapokaribia mlio, ana desturi ya kuzunguka mpaka afike upande wa demani, yaani kule upepo unakoelekea, ili harufu ya kilichoko mbele imfikie yeye kabla yeye hajafika. Akinusa binadamu hafanyi kelele wala kukimbia kwa kishindo. Anageuka tu. Wewe unaendelea kupuliza kwa dakika 40 nyingine ukidhani hayupo.

Milimani upepo una ratiba. Alfajiri, kabla jua halijagusa mteremko, hewa ya baridi ni nzito nayo inateremka na korongo kama maji. Jua likishapasha mteremko, hewa inageuka na kupanda. Jioni inarudi kushuka. Kati ya vipindi hivyo kuna muda wa hewa kutangatanga, inapuliza huku mara kule, na huo si muda wa kuita hata kama dubu anaonekana. Beba kichupa cha unga laini (wa mahindi uliochekechwa unatosha, talki ni bora) ukinyunyize kidogo kila baada ya dakika kumi. Usiutegemee upepo unaousikia usoni pekee, maana mita 30 mbele korongo linaweza kuuzungusha.

Basi kaa hivi: dubu unayemtarajia awe upande wa joshi, yaani kule upepo unakotoka, au wa ubavuni, na upande wa demani uwe mahali ambapo hawezi kupita bila kuonekana. Uwanja wa nyasi, maporomoko ya mawe, njia ya zamani ya magogo, hata mto. Wengi hukosea kwa kuchagua mahali wanapoona mbali mbele yao, wakaacha msitu mnene nyuma ya migongo. Dubu hupita huko huko. Mkiwa wawili, mmoja apulize akitazama mbele, mwenzake akae mita 30 hivi upande wa demani na bunduki, kwa sababu ndiye atakayemwona kwanza.

Mgongo wako uegemee shina pana kuliko mabega yako, au jabali. Hilo huvunja umbo lako machoni pa dubu, na pia huzuia puma kukujia kutoka nyuma. Hili si la kutisha watu. Kilio cha kulungu humwita kila mla nyama anayekisikia, na puma huja bila kuchezesha jani.

Na humwita mwindaji mwenzako pia. Colorado inamlazimu mwenye bunduki ya kawaida kuvaa inchi za mraba 500 za rangi ya chungwa inayong'aa, au ya waridi inayong'aa, juu ya kiuno, pamoja na kofia ya rangi hiyo inayoonekana pande zote. Wapo wanaovua wakishakaa, wakihofia dubu ataona. Tulia tu, fulana yako haitakuangusha. Mkono unaotikisika ndio utakaokuangusha.

Saa nzima ya kilio

Filimbi za mdomo ni za aina mbili. Ya kwanza ina ulimi uliofichwa ndani ya bomba: unapuliza, inalia sauti moja. Ni rahisi kwa anayeanza, lakini mate yakijaa ndani ulimi hunata, na asubuhi ya nyuzi chini ya sifuri mate hayo huganda na filimbi inakuwa bubu. Ya pili ina ulimi wa wazi, kipande chembamba cha plastiki kilicholala juu ya kibao chenye mfereji, na midomo yako ndiyo inayokibana. Ukibana karibu na ncha, sauti inakuwa nyembamba ya sungura. Ukisogeza midomo kuelekea shina, inashuka kuwa ya mtoto wa kulungu, kisha ya ndama wa elki. Inahitaji wiki kadhaa za kujifunza, na majirani wavumilivu. Kwa dubu ndiyo bora, kwa sababu unabadilisha sauti bila kubadilisha kifaa. Beba mbili au tatu, zihifadhi ndani ya shati zisigande.

Spika ya betri yenye rimoti haichoki, na unaweza kuiweka mita 30 mbali nawe ili macho ya dubu yaende huko badala ya kwako. Lakini uhalali wake hubadilika kutoka jimbo hadi jimbo, na ndani ya jimbo hubadilika kwa aina ya mnyama: inayoruhusiwa kwa koyote inaweza kuwa kosa kwa dubu. Soma kijitabu cha kanuni cha mwaka huo huo. Cha mwaka jana hakikutetei mbele ya askari wa wanyamapori.

Mtoto wa kulungu wa Septemba hana tena ile sauti nyembamba ya Juni. Shusha kidogo, ipe ukwaruzo. Kila mlio uanze juu na kuanguka, urefu wa sekunde moja hadi moja na nusu, halafu mwingine, halafu mwingine, kama mnyama anayeishiwa pumzi. Ukipuliza kwa mpangilio sawasawa kama king'ora, utachosha masikio yako na ya dubu. Anayekufa hana mpangilio. Funga viganja kwenye mdomo wa filimbi na kufungua, sauti ipate kupanda na kufifia.

Dakika mbili tatu za kwanza puliza taratibu, kwani huenda dubu yuko mita 60 tu kwenye kichaka, na mlipuko wa sauti ukamfukuza. Kisha ongeza mpaka kiasi chako cha juu. Kuanzia hapo, usinyamaze. Vuta pumzi, pumzika sekunde tano, kumi zikizidi sana, endelea. Ukimya wa dakika moja unamwambia dubu kwamba mambo yamekwisha: mnyama amekufa na aliyemkamata ameshaanza kumla, au ametoroka. Koyote anakumbuka mahali mlio ulikotoka na ataendelea kuja kwa kumbukumbu. Dubu anatembea huku anapitiwa na mambo mengine, na akili yake iko tumboni. Sauti ndiyo kamba anayovutwa nayo, na ukiilegeza anasimama.

Dakika 45 ni kiwango cha chini. Saa nzima ni bora. Kupuliza kwa muda huo kunaleta kizunguzungu, midomo inakufa ganzi, na baadhi ya watu huumwa kichwa. Ndiyo maana wawili hupokezana kila dakika kumi, wa pili akianza kabla wa kwanza hajamaliza. Anayewinda peke yake apulize kwa tumbo, si kwa mashavu, na anywe maji mapema.

Kisha dubu anakuja. Mara chache huja mbio. Mara nyingi unaona kwanza kitawi kikitikisika kinyume na upepo, kisha weusi ambao dakika iliyopita haukuwapo kati ya mashina mawili. Hakuna hatua inayosikika, nyayo zake ni laini. Anasimama. Anaketi kama mbwa. Pengine anainuka kwa miguu ya nyuma, na hapo asiyemjua hudhani anashambuliwa, kumbe anatafuta kuona na kunusa tu. Anapokuja vizuri, punguza sauti mpaka iwe mguno, lakini isife. Akisimama na kutazama pembeni, mlio mmoja wa huzuni humrudisha. Bunduki iwe tayari juu ya tripodi, tegemeo la miguu mitatu, imeelekezwa kule unakomtarajia, maana mita 40 hakuna nafasi ya kuinyanyua.

Saa ikipita bila kitu, nyamaza na ukae dakika kumi au kumi na tano zaidi. Kabla ya kusimama, geuza kichwa polepole ukague nyuma na upande wa demani. Idadi ya dubu walioonekana wakikimbia baada ya mwitaji kusimama kujinyoosha ni kubwa kuliko watu wanavyokiri. Na ukishaita mahali bila mafanikio, paache siku kadhaa. Dubu aliyenusa mtu kwenye mlio huo mara moja hujifunza.

Aliyetokea huenda siye

Katika sehemu za Montana, Idaho na Wyoming wanakoishi grizli, mwito una sura nyingine. Grizli wa majimbo 48 ya kusini mwa Kanada analindwa na sheria ya shirikisho tangu 1975, na kumuua kwa kumdhania dubu mweusi ni kesi. Lakini hatari iliyo karibu zaidi ni wewe mwenyewe: umejificha, umejigeuza windo, na umemwambia mnyama wa kilo 200 na zaidi kwamba hapa pana nyama. Msimamo wetu hauna kona: penye grizli, usipulize. Tembea, tumia darubini. Montana humtaka mwindaji wa dubu mweusi afaulu kwanza mtihani wa kuwatofautisha, na hata asiyewinda huko angefaidika kuufanya.

Rangi isikudanganye. Dubu "mweusi" wa milima ya Rocky anaweza kuwa kahawia, wa mdalasini, hata wa manjano hafifu. Tazama nundu juu ya mabega: grizli anayo, mweusi hana. Uso wa grizli umebonyea kati ya macho na pua, wa mweusi umenyooka. Masikio ya grizli ni mafupi ya mviringo, kucha zake za mbele ni ndefu na hung'aa kwa mbali. Za mweusi ni fupi, zimejikunja, nyeusi. Alama moja haitoshi, tafuta mbili au tatu zinazokubaliana.

Hata mahali pasipo grizli, beba kopo la dawa ya pilipili ya dubu, si lile dogo la kujilinda na vibaka. La kweli lina gramu 225 au zaidi na linafika mita 7 na kitu. Liwe kiunoni au kifuani. Ndani ya begi halikusaidii.

Kosa zito jingine ni jike mwenye watoto. Watoto wa dubu huzaliwa Januari au Februari na huishi na mama mpaka kiangazi cha huko (Juni hadi Agosti) cha mwaka wa pili, kwa hiyo kila vuli kuna majike wanaotembea na watoto wa miezi tisa. Colorado, kama majimbo mengi, inakataza kumuua mtoto, na inakataza kumuua dubu yeyote aliyeandamana na watoto. Mwito huleta mama mbele huku watoto wamebaki nyuma mita 50, au juu ya mti. Subiri. Mtazame yeye, kisha tazama alikotoka, kisha juu. Filimbi zinazolia kama mtoto wa dubu zinauzwa, na zinafanya kazi: humleta mama mwenye hasira ambaye huruhusiwi kumgusa. Ziache dukani.

Risasi na kisu

Sheria ya Colorado inaweka kima cha chini: bunduki ya kaliba .24 (kipenyo cha inchi 0.24), risasi ya kupanuka yenye uzito wa greni 70 (gramu 4.5) kwa dubu. Hicho ni kima cha sheria, si ushauri. .308 au .30-06 yenye risasi ya greni 165 hadi 180 hufanya kazi bila kelele za majisifu.

Manyoya ya vuli humfanya dubu aonekane mkubwa na asiye na umbo, na walenga shabaha hupiga juu mno au nyuma mno. Msubiri ageuze ubavu, mkono wa mbele ulio upande wako ukiwa umesogea mbele. Lenga nyuma kidogo ya bega, kimo cha katikati ya mwili au chini yake kidogo. Usipige akikutazama uso kwa uso: fuvu lake limelala mshazari na kifua ni chembamba. Mafuta huziba tundu la risasi na manyoya hunyonya damu, kwa hiyo njia ya damu huwa hafifu. Risasi iliyotoka upande wa pili ina faida kuliko iliyobaki ndani. Angalia alama mahali alipokuwa, subiri nusu saa, ndipo ufuate.

Septemba milimani, mchana unaweza kuwa na joto la nyuzi 25. Tabaka la mafuta na ngozi hiyo nene hufunga joto ndani, nyama ikaanza kuharibika kutoka mfupani. Chuna mara moja, kata vipande vinne, tia mifuko ya kitambaa inayopitisha hewa, tundika kivulini. Punguza mafuta ya juu, ambayo huchacha hata ndani ya friza. Msomaji Mwislamu wa pwani ataruka sehemu hii, kwa kuwa fiqhi ya Shafii inamtaja dubu kati ya wanyama wasioliwa. Kwa anayekula: dubu hubeba minyoo ya trikinela, na aina ya kaskazini haifi kwa baridi ya friza, kwa moshi wala kwa kukaushwa. Mwaka 2022 familia iliyokutana South Dakota ilikula mishikaki ya dubu kutoka Saskatchewan, Kanada, nyama iliyokaa kwenye friza kwa wiki kadhaa. Watu 6 waliugua, wawili wao wakiwa wamekula mboga tu zilizochomwa pamoja nayo. Pika mpaka kipimajoto kiseme nyuzi 74 katikati ya pande la nyama. Usiamini rangi, nyama ya dubu ni nyeusi tangu mwanzo.

Kwa jamaa zetu waliohamia majimbo hayo, wengi wao kutoka Kongo, walioko Boise, Missoula au Denver: cheti cha mafunzo ya mwindaji hutangulia leseni. Colorado inakidai kwa kila aliyezaliwa tangu Januari 1, 1949, Idaho tangu Januari 1, 1975, Montana baada ya Januari 1, 1985.

Na huko Colorado dubu lazima apelekwe kukaguliwa ndani ya siku 5 za kazi, kichwa na ngozi vikiwa havijaganda, kwani afisa hung'oa jino dogo lililo nyuma ya chonge, ambalo pete zake huhesabiwa kama za mti kujua umri. Taya likishakauka halifunguki kwa mkono. Kabla ya kuondoka porini, mpanue mdomo, uchomeke kijiti kinene kati ya meno ya juu na ya chini.